Mteremko wa Kiruli Hauna Kituo: Papa Karekezi Anatuaga

Papa Védaste Karekezi aliingia katika Kooperativi ya Madini ya Ndarumba tarehe 4 Februari 1991, na anastaafu leo, Jumatano tarehe 4 Desemba 2024, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji. Ni miaka thelathini na mitatu na miezi kumi kamili. Katika muda huo amekuwa mbebaji, msaidizi wa dereva, dereva, mkuu wa magari, na mwishowe mshika breki. Atakayesoma orodha hiyo vizuri ataona kwamba mwishoni alishuka cheo. Kamati ya sherehe iliniomba nipite hapo haraka haraka. Nimekataa, na Papa Karekezi mwenyewe amekataa, kwa hiyo wote mlio na programu hii mkononi mnivumilie, leo itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea.

Mimi ni Emérence Nyiransabimana, katibu wa ofisi ya Mpofi tangu mwaka 2005. Barua zote rasmi za Papa Karekezi nimezipiga mimi, na nyingine nilizipiga mara mbili kwa sababu alibadili mawazo wakati nimeshafika kwenye saini. Ninajua mwandiko wake, ninajua hasira yake ambayo haina sauti, na ninajua kwamba katika sherehe zote hakunywa soda hata moja, kwani alikuja na maziwa yake katika chupa ya chai. Tulizoea kumwekea glasi tupu.

Kwao ni kwenye malisho ya juu, upande wa Masisi, katika ukoo ambao watu wake wanakumbuka majina ya ng'ombe kuliko ya mawaziri. Maziwa ya huko hushuka mabegani mwa watu hadi barabarani, na njia ya maziwa ina desturi yake. Mbebaji haipimi kwa kilomita, anaipima kwa vituo. Kituo ni mahali ambapo ardhi imetulia, unatua bidoni, yaani dumu la maziwa, na inasimama yenyewe bila kumwaga. Kwa kuwa mabega ya watu huchoka karibu kwa umbali ule ule, vituo navyo hukaa karibu kwa umbali ule ule, na kila kimoja kina jina. Mtu akikuambia kwake ni vituo vinne, umeshajua kama utafika kabla ya mvua. Sisi wakulima tunaobeba maharagwe hatukulelewa na hesabu hiyo. Gunia letu likianguka tunalinyanyua na kuendelea na safari.

Hesabu hiyo ya vituo ilimsaidia Karekezi miaka mingi, na mara moja ilimwangusha. Nitafika hapo.

Alianza kwa kubeba mawe ya kasiterite, madini ya bati, magunia ya kilo hamsini, kutoka mgodini Ndarumba hadi ghala la Mpofi. Wabebaji wa Walikale walimcheka mwanzoni, mfugaji mrefu mwenye miguu myembamba, wakampa wiki mbili. Wiki mbili zilipita, na aliyerudi nyumbani na mgongo uliopinda alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Miaka ya vita mgodi ulifungwa mara kadhaa. Mara moja tulipokimbia sote kuelekea Mweso, Karekezi alibeba mgongoni mizani kubwa ya kooperativi, njia nzima, akaificha chini ya kitanda cha shemeji yake hadi amani iliporudi. Mkewe, Mama Kayitesi, anapenda kuongeza kwamba mizani ilikimbia salama lakini godoro lao lilibaki. Nimemwahidi nitaliandika jambo hilo, na sasa limeandikwa.

Alipopewa usukani kwenye barabara ya Mpofi hadi Goma alisema na lori lake kwa Kinyarwanda, kama anavyosema na ng'ombe, akalipigapiga mlangoni kabla ya kupanda mlima. Tuliona ni kichekesho hadi tulipohesabu kwamba gari lake ndilo pekee lililomaliza mwaka bila kung'olewa matopeni na trekta. Mwaka 2008 akawa mkuu wa magari, akawa na meza, kiti na kalenda ukutani. Kiti hakukikalia sana, alikiwekea kofia.

Sasa nifike mwaka 2011, mwaka wa ubishi mkubwa.

Ndarumba iko juu, Mpofi iko chini. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na njia ya miguu, na juu ya njia hiyo wabebaji mia moja na arobaini, wanaume kwa wanawake, walishusha mawe kila siku. Watu walikuwa wanazeeka kabla ya wakati wao. Kooperativi iliamua ule ubebaji uishe, na mbele ya mkutano mkuu kukawekwa njia mbili: kutandika reli ndogo, ao kuchonga barabara na kununua malori zaidi.

Waliotaka reli walikuwa na hoja nzuri. Mzigo wetu unashuka, walisema, haupandi. Ukifunga behewa lililojaa na behewa tupu kwenye ncha mbili za kamba ya chuma, lililojaa likishuka litalivuta tupu kupanda, na hutanunua hata tone la mafuta. Kinachohitajika ni breki nzuri juu na mtu mwenye akili wa kuishika. Waliotaka malori nao walikuwa na hoja. Reli ya njia nzima ni ndefu, kilima chetu kikinyeshewa kinateleza, na kipuri cha reli iliyokatika hakiletwi na pikipiki kutoka Goma. Halafu lori likishusha mawe linarudi na chumvi, mabati, mafuta ya mawese, na watu.

Aliyemaliza ubishi alikuwa mwanamke aliyeuza mawese sokoni Mpofi, Mama Adelaïde, mke wa dereva wetu Akilimali. Alisimama nyuma kabisa akasema, "Mama akishikwa na uchungu kule juu, wagoni itamupeleka wapi? Kamio njo itamufikisha ku hospitali." Ukumbi mzima uliipigia kamio, yaani lori, makofi. Nakumbuka Papa Karekezi alipiga kuliko wote, kwa kuwa naye moyo wake ulikuwa kwenye malori: aliwaza maziwa ya ndugu zake yatakayoshuka bila kuvunja bega la mtu. Hilo si kosa. Lakini mtu aliyekwisha kupiga makofi ndiye aliyetumwa kwenda kupima njia.

Injinia aliyeajiriwa alikuja mara moja, mvua ikamrudisha katikati ya safari, na usalama wa miezi ile haukumruhusu kuja tena. Akaomba vipimo vitumwe kwake. Karekezi alijitwika bidoni ya lita ishirini iliyojaa maji, akashuka kutoka Ndarumba hadi Mpofi kama anavyoshuka mbeba maziwa, akitua pale ambapo wabebaji wetu wanatua. Alipata vituo kumi na vitatu. Kituo kimoja alikipima kwa kamba, akapata mita mia tisa, akazidisha. Ripoti ikasema: karibu kilomita kumi na mbili, mteremko mkali upo mmoja tu, Kiruli, kati ya kituo cha nane na cha tisa, nao ni mfupi, kwani ni kituo kimoja. Lori lenye breki za kawaida litaushuka. Reli haihitajiki. Niliipiga mimi ripoti hiyo, nikaona imenyooka, nikagonga muhuri.

Kosa lilikuwa pale, na kwa mtu wa malisho lilikuwa gumu kuliona. Wabebaji hawatui Kiruli kwa sababu hakuna pa kutua. Bidoni haisimami, gunia linabiringika hadi korongoni. Kwa hiyo mtu anajaza pumzi juu, anashuka mbio kwa mara moja, na anakuja kutua chini kabisa, miguu ikitetemeka. Kiruli kilihesabiwa kituo kimoja na mabega ya watu ambao hawakuwa na hiari. Kutoka juu ukungu unaficha mwisho wake, na wote tuliosimama pale juu tuliona ukali tu, hatukuona urefu.

Malori yalianza kushuka mwaka 2012. Ilikuwa furaha, sitadanganya. Akina mama watatu walifikishwa hospitali mwaka ule wa kwanza, na mtoto mmoja wa Ndarumba anaitwa Fuso hadi leo. Lakini Akilimali, dereva wetu bora, alikuja ofisini mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi akasema, "Papa Karekezi, ile mulima haimalizike. Freni inaanza kunuka mbele ya kufika katikati." Karekezi hakumdharau, alifungua daftari lake, akamwonyesha. "Ni kituo moja tu, kaka," alimwambia. "Ushuke polepole." Akilimali aliliangalia daftari, akasema asante, akaenda kazini.

Tarehe 17 Oktoba 2013, asubuhi, breki za lori lake zilishika moto Kiruli. Wabebaji waliokuwa bado wanashusha mawe ya kampuni ndogo walikuwa wameketi kwenye kona ya chini wakila, watu kama ishirini. Wote walisema jambo moja: walisikia honi kutoka mbali, bila kukoma, wakaruka pembeni, na wakaliona lori likigeuzwa kwa nguvu kuelekea ukutani mwa mlima badala ya kuja kwao. Akilimali alifia hapo. Hakuna mwingine aliyepata hata mkwaruzo.

Ripoti ya ajali ilikuwa na mistari minne. Wa nne ulisema: mwendo wa kasi, kosa la dereva. Wabebaji hawakuulizwa, walionekana hawajui kusoma. Na katika kooperativi yetu mstari huo una maana yake. Kila mwaka siku ya Mtakatifu Barbara, kwenye misa, tunasoma majina ya wenzetu waliofia kazini. Aliyekufa kwa kosa lake mwenyewe hasomwi. Kwa hiyo tarehe 4 Desemba ya mwaka ule Mama Adelaïde aliketi benchi ya tatu na kitambaa cheusi kichwani, majina yakasomwa, na la mumewe halikuwemo. Mpofi ni ndogo. Watoto wake walianza kuitwa watoto wa yule aliyeua gari.

Papa Karekezi alifanya kwanza jambo ambalo watu wa kwao hufanya. Alichagua ng'ombe jike mchanga, mwenye paji jeupe, akampeleka Mpofi kwa miguu, siku mbili, akamfikisha uani kwa mjane. Kwa wafugaji wetu ng'ombe wa namna hiyo si zawadi ya kawaida: anayempokea amekubali kwamba mko ndugu na jambo limekwisha. Mama Adelaïde si mfugaji, lakini ameishi nasi, alijua. Aliiangalia kamba, hakuigusa. "Ngombe haiwezi kusema mbele ya mudirecteur," alimwambia. "Wewe njo uko na kinywa. Siku mutasoma jina ya bwana yangu, nitakuja kuichukua." Karekezi akarudi na ng'ombe wake, siku mbili nyingine.

Aliporudi hakuja ofisini. Aliomba utepe wa kupimia wa mita thelathini, akawachukua wabebaji sita, akapima njia nzima upya, hatua kwa hatua, siku tisa. Kituo cha nane hadi cha tisa hakikuwa mita mia tisa. Kilikuwa mita elfu tatu na mia moja. Alikaa pale chini na utepe magotini, wabebaji wameniambia, mpaka wao wenyewe wakaona haya na kuondoka kidogo.

Kisha akaja na barua. Ilisema kwamba vipimo vya 2011 vilikuwa vibaya, aliyevikosea ni yeye, dereva alimwonya mara mbili, na maneno "kosa la dereva" yaondolewe. Nilimwambia asiitume. Nilimwambia ana watoto wanaosoma, kwamba Akilimali hatafufuka, kwamba uongozi utamtupa nje. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mama Emérence, andika vile nimesema. Usiweke sukari." Niliipiga. Halafu niliiweka kwenye droo yangu siku tatu, nikimwomba Mungu kwamba Karekezi abadili mawazo kama alivyozoea. Siku ya nne alikuja kuuliza jibu, nikaitoa kwenye droo na kuipeleka kwa mkurugenzi. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu, na nimeona siwezi kuusifu ukweli wake huku nikiuficha wangu.

Katika mkutano mkuu wa Machi 2014 alisimama mwenyewe. Hakusoma karatasi. Alisema, "Akilimali alinambia. Mimi njo sikusikia. Raporo yangu njo ilikuwa mubaya, hapana mukono yake." Halafu aliketi. Mama Adelaïde alikuwa ukumbini, akainuka na kutoka.

Karekezi alivuliwa cheo wiki ile ile. Meza na kiti alipewa mwingine. Kofia alikwenda nayo. Lakini kabla ya kutoka aliacha juu ya meza kurasa mbili, na kurasa hizo ndizo tunazoishi nazo hadi leo. Aliandika kwamba miaka mitatu tulibishana reli ao lori kama vile mlima wetu ni mmoja, na kumbe ni mitatu. Sehemu ya juu ni ya lori. Sehemu ya chini ni ya lori. Kiruli peke yake ni ya reli: kilomita tatu na kidogo, kamba ya chuma, behewa lililojaa linashuka na tupu linapanda. Pale juu na pale chini wabebaji wahamishe mizigo, ili watu mia moja na arobaini wasibaki bila kazi. Na mgonjwa wa Ndarumba abebwe na lori, ateremshwe kwenye behewa la watu, taratibu, kisha lori jingine limchukue chini. Injinia mpya alizisoma kurasa hizo akauliza zimeandikwa na nani, na nani amemwondoa kwenye cheo.

Reli ya Kiruli ilifunguliwa Juni 2016. Walipotafuta mtu wa kushika breki ya juu, mtu wa subira, Karekezi aliomba nafasi hiyo. Ni kazi ya daraja la chini kabisa kwenye orodha yetu. Ameishika miaka minane na nusu, mvua na jua, akiwa amesimama, na hakuna behewa hata moja lililomponyoka. Amesimamisha mabehewa kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya mazishi yaliyovuka reli, na mara moja kwa ajili ya mkurugenzi mzima aliyetaka kushuka bila kujifunga mkanda. Akina mama wajawazito kumi na tisa wameshuka mikononi mwake. Mmoja hakusubiri, alijifungulia kwenye behewa, na Karekezi alishusha mtoto na mama taratibu mno hata mkunga aliyekuwa chini alidhani kamba imekwama.

Vijana wa magari wanajua pia bidoni yake. Ni sheria aliyoileta yeye na sasa imebandikwa kila karakana: kabla hujaegesha lori popote mlimani, tua chini bidoni ya maji. Isiposimama, usiegeshe. Wanaitania, wanaiita mtihani wa serikali, lakini nimewaona wanaifanya hata wakiwa peke yao.

Lakini mistari ile minne ya ripoti ya ajali haikuguswa. Uongozi ulipokea vipimo vipya, ukajenga reli, ukapiga picha mbele yake, na karatasi ikabaki ilivyo. Wakurugenzi watatu walipita, na kila mmoja aliandikiwa na Karekezi barua ile ile kila mwezi wa Novemba. Nilizipiga zote kumi na moja, tangu ile ya kwanza, na siku hizi sitii kitu kwenye droo. Kila Desemba Mama Adelaïde aliketi benchi ya tatu. Kila Desemba Karekezi aliketi benchi ya nyuma yake. Majina sita yalisomwa, wakatoka kila mmoja na njia yake.

Na yule ng'ombe mwenye paji jeupe hakuuzwa. Vita vilipopita kwenye malisho yao Karekezi alipoteza karibu kundi lote, lakini huyo alimhamisha mapema, kwanza yeye kuliko wengine, akamweka kwa watu wema. Mama Kayitesi alikasirika, na nisingemlaumu. Ng'ombe huyo amezaa, mtoto wake amezaa, na nyumbani kwao hakuna aliyeruhusiwa kuwaita kwa jina lingine zaidi ya ng'ombe wa Mpofi. Maziwa yao waliyanywa wajukuu, kwa sababu ng'ombe lazima akamuliwe, lakini hakuna ndama wao aliyetoka mle zizini.

Miezi miwili iliyopita kamati ilimwuliza mstaafu anataka zawadi gani. Desturi yetu ni redio, ao mabati, na mwaka jana mtu aliomba baiskeli. Karekezi aliandika ombi la mstari mmoja, na kamati ikanirudishia ikidhani amekosea fomu. Hakukosea. Aliomba zawadi yake iwe kufutwa kwa mstari wa nne wa ripoti ya ajali ya tarehe 17 Oktoba 2013. Safari hii wabebaji waliokuwa kwenye kona ile waliitwa, wote walio hai, kumi na wanne, na mmoja mmoja alieleza alichosikia na alichoona, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyebadili honi ile wala ukuta ule. Mkurugenzi wetu wa sasa aliwasikiliza asubuhi nzima. Jumanne ya wiki iliyopita alitia saini kwamba mstari huo umefutwa. Nilimwona Papa Karekezi akiisoma nakala pale dirishani kwangu, akaikunja, akaitia mfukoni, akaomba maji ya kunywa. Maji. Nikajua hayuko sawa, nikatoka nje ili alie bila mtu.

Kwa hiyo fungueni ukurasa wa nne wa programu hii, palipo majina yatakayosomwa kwenye misa ya leo asubuhi. Ni saba. La saba ni Akilimali, dereva, aliyefia Kiruli kwa breki zilizopewa mteremko usio wake, akiwaokoa watu ishirini. Padri ameombwa alisome la mwisho, na kulisoma polepole.

Papa Karekezi, kooperativi inakushukuru kwa mizani uliyoikimbiza, kwa malori uliyoyabembeleza, kwa mabehewa uliyoyashika, na mimi ninakushukuru kwa barua zote kumi na moja. Nenda nyumbani kwa Mama Kayitesi ukiwa mzima, ulale kwenye godoro ambalo safari hii usilisahau, na Mungu akupe miaka mingi ya kukaa juu ya kiti chako bila kofia. Ila leo baada ya chakula usiondoke haraka. Wanao wamewaleta ng'ombe wote watatu tangu jana, wamefungwa nyuma ya ofisi, na Mama Adelaïde ametutumia neno kwamba tusihangaike kutafuta kamba, anakuja na yake.